Masale ya Katikati

Jumamosi, 12 Machi 2011
Mtaimbo umepinda tena. Leo tuliwasha moto juu ya jiwe kubwa, likashika joto, tukalimwagia maji baridi ya mfongo, ule mfereji unaopita kule juu. Likapasuka. Baba Neema alicheka mpaka akakaa chini. Baba mkwe alimpa kifunguamimba shamba zuri. Nyumba na shamba la juu ni vya kitindamimba, Elibariki. Mume wangu, Baba Neema, ni wa katikati, tukapata mawe na msitu. Elibariki alipita akasema, "Shemeji, hapa mtavuna kokoto." Niliumia. Ila nafasi ya migomba minne tumepata. Asante Yesu.

Jumatatu, 5 Mei 2014
Mvua imeshusha udongo wote tuliobeba kichwani. Nimelia. Baba Neema yuko mlimani, anabeba mizigo ya wageni. Mama mkwe akaja na miche ya masale, ile mimea ya majani marefu. Akasema panda hapa katikati, mizizi itashika udongo. Nimepanda mstari mzima, kutoka kwenye mti wa mringaringa hadi zizini. Yanapendeza. Kwetu Kahe mashamba tunayatenga kwa mifereji, masale sikuyazoea.

Jumapili, 4 Novemba 2018
Nimepeleka mkungu wa ndizi za mshare kanisani, sadaka ya mavuno. Mkubwa, vijana wawili waliubeba. Baba Neema hakuuona. Tangu Pasaka amelala upande wa juu wa masale, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Nikitoka kukamua nampitia. Namwambia habari za nyumbani, kahawa imefikia wapi, ng'ombe anakulaje. Upweke upo. Sitadanganya.

Jumanne, 9 Julai 2024
Elibariki amekuja na fundi na kamba ya kupimia. Anataka kujenga vyumba vya wageni. Anasema shamba langu linaishia kwenye masale, kutoka hapo kwenda juu ni lake. "Masale ni mpaka, shemeji. Nani asiyejua? Na umepanda mwenyewe." Hapa Marangu hata mtoto anajua. Mimi tu sikujua. Kahawa yote iko juu. Kaburi liko juu.

Ijumaa, 12 Julai 2024
Chakula hakipiti. Namchukia Elibariki. Nimepiga magoti nikatubu, nikainuka bado namchukia. Anayejua ukweli ni mama mkwe peke yake, na anaishi kwa Elibariki, anakula kwake, anavishwa naye. Nitamwombaje asimame kinyume cha mwanawe? Nimefika hadi getini kwao nikarudi. Neema amepiga simu kutoka Moshi mjini, eti mama usiogope. Naogopa.

Jumapili, 14 Julai 2024
Baada ya ibada ukoo ulikaa uani kwangu. Elibariki alijieleza vizuri, wazee wakawa wanaitikia. Nikajua limekwisha. Ndipo mama mkwe akaomba ashikwe mkono, akainuka. Masale nilimpa mimi, akasema, yashike udongo. Mpaka ni mfongo, mzee wangu aliupima kwa miguu yake. Akamgeukia mwanawe. "Palipokuwa na mawe, mbona huo mpaka hukuuona? Ulisema watavuna kokoto. Haya, zimeiva, unazitaka." Watu wakacheka. Elibariki aliangalia viatu vyake. Mimi nikakaa kwenye lundo la majani ya ng'ombe na gauni langu la kanisani. Bwana asifiwe. Nimekula ndizi sahani mbili.

Jumamosi, 20 Julai 2024
Asubuhi Elibariki alikuwa amesimama uani, ameshika jani la masale lililofungwa fundo. Anayeomba msamaha na jani hilo hakataliwi, siku hizi nalijua. Hasira haikuwa imeisha yote. Nililipokea. Nikampakulia mtori wa ndizi, akamaliza, akasema kokoto zako tamu, shemeji. Nilicheka bila kutaka.

Mchana tumeng'oa masale ya katikati na kuyahamishia kando ya mfongo. Udongo sasa unashikwa na migomba. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, anatuelekeza kwa fimbo, hapana, sogea, hapo. Palipobaki wazi nitapanda magimbi.

Shimo la mwisho tuligonga jiwe. Elibariki aliteremka mwenyewe kwenda kuchukua mtaimbo.