Kaka, Sikukungoja

Kaka mkubwa, shikamoo.

Naandika kwa sababu kwenye simu nitakwama. Kazini bado nafuta vumbi chumba cha kompyuta. Fundi ameziunganisha zile kuukuu zote zifanye kazi moja. Mwanzo aliweka moja, mkubwa wao, ya kuzigawia zingine kazi. Ikiganda hiyo, zote zinakaa tu, feni zinazunguka bure. Nikamuuliza mbona zingine haziendelei. Akacheka, "Leo Bubu kaongea. Zinangoja amri, ndugu yangu." Siku hizi kabadilisha: mkubwa akikwama, yoyote iliyo nzima inashika usukani, kazi haisimami.

Sasa Kaka, juzi utumbo wa Mama uliziba. Daktari alitaka ruhusa ya kumpasua upesi. Shangazi akasema, "Hapasuliwi mtu hapa mpaka kaka yako aseme." Simu yako haikupatikana. Tukakaa kwenye benchi, yeye anapiga, mimi namsikia Mama anaugulia ndani. Unanijua, mbele za watu sauti hainitoki. Lakini nilisimama nikamwambia daktari ampasue.

Shangazi akaniuliza, "Wewe kama nani?"

Nikamwambia, "Kama mtoto wake."

Walimpasua, na Mama amezinduka. Bado hana nguvu, ila anakuulizia. Shangazi hasemi na mimi. Ukikasirika, nikasirikie mimi, maana yeye alikungoja. Ila daktari akiuliza tena na wewe hupatikani, nitamjibu.

Ni mimi mdogo wako, niko hapa kando ya kitanda cha Mama.