Lifti ya Kwa Mama

Dada yangu,

Huku hatujambo, na kazi ya ukaguzi wa lifti nimeanza kuizoea. Hadi sasa nimefunga moja tu isitumike, ndiyo hiyo unayosikia lawama zake: ya jengo la mama. Breki zilikuwa zinateleza, ningefanyaje? Majirani wameninunia. Mama naye, kule ghorofa ya sita, analalamika, "Umenifungia huku juu kama kasuku."

Basi siku za kliniki namshusha mgongoni. Jana katikati ya ngazi akaniuliza, "Na wewe ulikaguliwa lini?" Tulicheka hadi tukakaa chini.

Lakini dada, kazini nabeba vyuma vya kujaribia lifti, uzito wa mtu mzima naujua. Jana nilimpandisha mama hadi mlangoni kwake bila kuhema. Usingoje likizo kuja kumwona.

Mdogo wako