Daktari wa Gesi ya Angani

Mshauri wetu wa redio, nisaidie haraka kwa sababu mambo yangu hapa Roret yameharibika, mimi ni mkulima wa chai na mzee wa kanisa, na binti yangu Chepngetich alipoandika kutoka ng'ambo kwamba sasa ni daktari nilisimama kanisani nikasoma barua, ila ile sehemu ya pili niliiruka, kwamba udaktari wenyewe ni wa kupima mawimbi ya redio yanayotoka kwa gesi huko angani, maana nilijua watu hawatapiga makofi. Alifika Jumanne, na kabla hajamaliza chai watu tisa walikuwa wamepanga foleni kwa boma, wa kwanza Kogo Chepkemboi, nyanya jirani, ambaye mguu wake umevimba na una kidonda, na amekataa hospitali miezi miwili akimngojea.

Binti akaniuliza, "Baba, uliwaambia nini?"

"Niliwaambia daktari. Si ni ukweli?"

Basi akatoa ramani yake ya rangi, akawaeleza kwamba hiyo gesi hutoa mawimbi ya urefu kama wa shubiri moja, na wakipima anga kipande kwa kipande wanajua gesi iko wapi na inaelekea wapi. Kogo akaitazama sana. "Na mguu wangu uko wapi hapo?" Watu wakacheka, nami nikasema haraka daktari amechoka na safari, atawatibu Jumapili baada ya ibada, na sasa binti haongei na mimi, kwa hivyo nauliza, ni dhambi akivaa koti jeupe siku moja tu, awape dawa ya maumivu?

Alexander, Roret.

Mzee Alexander, ni dhambi, na kwa kidonda cha miezi miwili inaweza kuwa matanga pia. Kujivunia mtoto si kosa. Lakini ulimwonea haya huku ukimsifu, naye ameelewa, ndiyo maana amenyamaza. Na usiniambie watu hawangepiga makofi, hukuwajaribu.

Barua yako imefika leo Ijumaa nami nimeiweka mbele ya zote. Tafuta pikapu sasa hivi, mpeleke Kogo hospitali, wewe mwenyewe, si mtu wa kutumwa. Mchukue binti yako muende pamoja. Mkiwa kwa foleni mwombe akueleze ile ramani tena, polepole, na safari hii usikilize.

Kuhusu kutubu mbele ya kanisa, usijisumbue. Uliandika jina lako na hukuniomba nilifiche, na saa hii ya chakula cha mchana Roret nzima imefungua redio.