Yai la Dawa ya Njeri

Mama Njeri,

Nakutangazia rasmi, na ningekuwa na tarumbeta ningepuliza kwanza: dawa yako ya upele imeshikana. Wiki nzima mafuta hayajapanda juu, maji hayajajitenga, unga wa salfa haujazama. Chupa yote rangi moja. Najua ungesema, "Ngoja kwanza." Nimengoja. Kila nikipita naiinamia kuichungulia, kazi nyingine haziendi.

Mambo hayako ulivyoyaacha. Kifua kilipokuchukua hata matanga hayakuisha, tukavunjiwa nyumba zote mbili, yako na yangu, tukaletwa kijiji hiki cha serikali kilichozungushiwa handaki. Watoto wako na wangu tunalala chumba kimoja. Sisi wake wenza tusingekiweza, ungenitoa nje na chungu changu. Mume wetu bado yuko kizuizini, kwa hiyo wa kugombania hayupo.

Anayeninyima usingizi ni Njeri wako. Upele umemshika vidoleni na viwikoni, anajikuna mpaka damu. Wewe dawa ulikuwa unaishikanisha kwa wanga wa nduma za mtoni. Sasa mto uko ng'ambo ya handaki, na mtu akionekana na chakula huko ataulizwa anawalisha wapiganaji gani msituni. Nikajaribu uji wa mahindi, ukachacha, chupa ikatema kizibo. Nikajaribu kiazi, kikawa gundi, mtoto akaganda na blanketi. Bila kitu cha kushikanisha, juu ni mafuta matupu na chini ni salfa kali. Siku moja ile ya chini ilimchoma, akalia akikuita wewe. Si mimi. Wewe.

Ndipo nikakumbuka siku uliyonipaka dawa mgongoni ukasema, "Yai hupatanisha hata mafuta na maji. Labda sisi wawili ndio tutalishinda." Tukacheka hadi mume wetu akaja kuuliza kuna nini.

Homgadi wa ukaguzi, mlinzi wa serikali hapa kijijini, alinikuta nikipiga kiini cha yai na mafuta ya mbarika, akataka kujua ni chakula cha nani. Nikamwambia ni cha ngozi. "Ati ngozi inakula mayai," akasema, "na mimi sijaonja tangu Krismasi." Akaondoka akiangalia nyuma.

Basi dawa ikashikana. Lakini upele, wapi. Napaka asubuhi, napaka jioni, unazidi tu. Nikalaumu salfa, nikalaumu maji, nikakulaumu na wewe kidogo. Jana nilitoka kuteka maji, nikarudi upesi. Njeri alikuwa amekaa nyuma ya mlango akilamba kiwiko. Halafu vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu aliyepakuliwa.

Sikumgombeza.

Nakuahidi, Mama Njeri: kuanzia sasa yai litapita mdomoni mwake, na dawa nitaitikisa mwenyewe hadi mkono ufe ganzi. Lala, mke mwenzangu. Mtoto ninaye.

Kuku wetu hajataga tangu Jumatatu.