Mwaka wa Kwanza Bila Dk. Buthaina Abusin, Daktari wa Picha wa Wad Madani

Mwaka umezunguka, Mama Tayseer, tangu asubuhi ile ya Shaaban tulipokuzika ndani ya tobe lako jeupe, lile vazi la kujitanda ulilovaa kazini, kwa kuwa sanda haikupatikana soko zima. Watu wanasema muda hutuliza. Labda kwao. Nyumba hii bado haijajua kukaa bila wewe.

Ninaandika mimi, Abbasher, kwa niaba ya wote. Ungeniona nimeshika kalamu ungecheka, ungesema, "Mtu wa mifereji leo kawa mwandishi!"

Ulipomaliza masomo, madaktari wa kusoma picha nchi nzima walijazana Khartoum. Picha zetu za eksrei zilipanda basi kwenda kusomwa huko, na majibu yalirudi mgonjwa akiwa ameshapona au ameshazikwa. Mama yako mzazi alikuwa mmoja wa waliozikwa. Ndiyo maana ulipopewa nafasi nzuri mji mkuu uliikataa, ukarudi Madani kwenye chumba chenye mashine moja iliyokuwa ikinguruma kama kinu cha kukamua ufuta. Ndugu zako walikuona umerogwa.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa mifereji ya mashamba ya pamba ya Gezira. Siku ya kwanza tulipokutana hukuniamkia. Uliniuliza, "Wewe ndiye unayefungulia maji?"

Nikasema, "Ndiye mimi, Daktari."

"Basi wewe ndiye unayenipa kazi. Nusu ya vibofu ninavyovipiga picha vimeharibiwa na kichocho cha mifereji yako."

Nilikuposa mwaka huohuo. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri.

Tunaukumbuka ukarimu wako. Hukupenda kumwambia mgonjwa habari mbaya akiwa amesimama. Ulimketisha, ukamwagizia chai yenye maziwa, ukamuuliza habari za mbuzi wake na za wanawe, ndipo ukamwambia. Bamia kavu yako ilikuwa na chumvi nyingi na hukukubali kuambiwa. Ukivaa miwani ya kusomea ulisahau kuivua, ukaenda nayo mpaka sokoni ukimlaumu muuza nyanya kwamba leo nyanya zake zina ukungu.

Miaka mingi uliipigania ndoto moja: madaktari vijana wasomee ubingwa wa picha hapa hapa Madani. Wakubwa walikuuliza, "Hamna mashine, mtafundishaje?" Ukawajibu, "Na kama hatuna wa kuzisoma, mashine mtamletea nani?" Walicheka, wakakuambia urudi mwaka ujao. Ulirudi mwaka ujao. Na ule mwingine. Walipochoka kukuona mlangoni wakatia sahihi.

Wanafunzi wako walikuita Mama Daktari. Hukuwaruhusu kutaja ugonjwa kabla hawajakujibu swali lako la kwanza: "Mtu huyu ni nani?" Umri wake, kazi yake, maji anayokunywa, kijiji chake. Walikuona unawachosha, hadi siku ya Rawda.

Rawda alikuwa msichana wa kijiji kimoja cha mashambani, hajaolewa, aliyeletwa na kaka yake kwa maumivu ya tumbo. Picha ilipotoka, chini ya kitovu pakaonekana duara jeupe. Muzammil, mwanafunzi wako mpya, akaropoka mbele ya watu, "Kichwa cha mtoto hiki. Ana mimba." Neno likatoka mlangoni kabla ya mgonjwa. Kaka mtu alikuwa nje na fimbo. Akaanza kupiga mlango kwa ngumi akisema dada yake hatarudi nyumbani akiwa hai.

Wewe ulikuwa unakunywa kahawa. Uliweka kikombe, ukaitazama picha, ukamwuliza Muzammil, "Mtu huyu ni nani?"

"Msichana, Mama Daktari. Wa... wa mashambani."

"Anachota wapi maji?"

"Mferejini."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

"Na mtoto huyu mwenye kichwa, mgongo wake uko wapi? Mbavu zake ziko wapi? Au anazaliwa kichwa kitupu?"

Ukampima Rawda kwa ultrasaundi mbele ya Muzammil ili aone mwenyewe: kilikuwa kibofu, ukuta wake umekauka kwa kichocho cha miaka mingi hadi ukawa mgumu kama ganda la yai. Kisha ukatoka nje, mwanamke mfupi kama wewe, ukaishika ile fimbo.

"Dada yako hana mimba. Ana kichocho. Kama una hasira, shuka mferejini ukapigane na konokono."

Yule kijana alikaa chini pale pale akalia. Rawda alitibiwa. Ana watoto sasa, ama alikuwa nao kabla ya vita, hatujui alikokimbilia.

Muzammil hakuthubutu kukutazama usoni siku nyingi. Lakini ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, na ndiye aliyebaki. Wenzake walihitimu mmoja mmoja na kuondoka mmoja mmoja: Riyadh, Doha, Dublin. Kila mmoja alikuja kuaga na boksi la halua, na wewe ulimpa dua na kumfungia mikate myembamba ya kisra ya njiani. Mlango ukishafungwa ulikuwa ukisema, "Tumewalelea wengine." Hukuwalaumu. Mshahara wao wa hapa uliujua vizuri, maana wako ulikuwa huo huo.

CT skani tuliyoiota ilipofika, ulikuwa umekaribia kustaafu. Ulivaa tobe jipya. Tayseer wetu alikuwa ameingia mwaka wa kwanza wa ubingwa, na mara ya kwanza maishani nilikuona unatembea polepole, kama mtu asiye na cha kukimbilia.

Kisha vita vikatufuata Madani. Wenye silaha walipoingia mjini tulimwambia Tayseer aondoke, wewe ukabaki, na mimi sikuwa na pa kwenda usipokuwepo. Hospitali iliporwa. Ulikwenda kuiona. Walikuwa wameipasua ile CT kama watu wanaochuna mnyama, wakavuta nyaya zote kwa ajili ya shaba. Ulirudi, ukaomba kahawa, hukuinywa.

Ulikuwa umeficha ultrasaundi ndogo chini ya magunia ya mtama. Ukawa unapimia watu sebuleni kwetu, ukiichaji kwa sola, na Muzammil akija mchana kusaidia. Siku moja nilikuwa natengeneza pampu uani, nikasikia unamwita. Ulikuwa umejilaza kwenye kitanda cha wagonjwa, kipimio kimekaa juu ya tumbo lako mwenyewe.

"Soma," ulimwambia.

Akatazama. "Vivuli tu, Mama Daktari. Betri imechoka."

"Betri haijachoka. Mimi nilikufundisha kudanganya?"

"Hapana."

"Basi soma. Mtu huyu ni nani?"

Nilisimama mlangoni na spana mkononi. Nilimsikia akivuta pumzi. "Mwanamke," alisema. "Amekonda miezi hii. Ni mwalimu wangu." Ukamsubiri, kama ulivyozoea kuwasubiri wote. Mwishowe akasema, "Ini limejaa uvimbe, Mama. Limejaa lote."

"Umesoma sawasawa," ulisema. Ukashusha nguo yako. "Sasa mwite anayefuata, mama yule amesimama juani."

Tulijaribu, Mama Tayseer. Nataka wanaosoma hapa wajue tulijaribu. Tulipanda lori tuende Kassala kutafuta matibabu, na kwenye kizuizi cha pili wakaturudisha. Uliwaambia wale vijana wenye bunduki kwamba mmoja wao ana macho ya manjano na akapimwe. Akakutukana. Njiani kurudi uliniegemea ukasema, "Baba Tayseer, yule kijana ni mgonjwa kweli." Hata ingekuwa njia wazi, ulijua vizuri kuliko sisi kwamba mbele ilikuwa imefungwa. Dawa ya maumivu haikupatikana. Uliuma ncha ya tobe ili majirani wasisikie.

Hakukuwa na matanga. Watu wachache walikuja kwa kupenyapenya, wakasoma dua, wakaondoka kabla jua halijapanda.

Muzammil aliondoka baada ya arubaini yako. Ana wadogo zake wa kulisha. Hunipigia simu kutoka Jeddah. "Baba," aliniambia, "huku mashine nyingine hazijavuliwa hata nailoni."

Tayseer yuko Cairo. Shule yako haipo, na huko hawakuitambua miaka aliyosoma kwako. Anapaka hina maharusi. Nilipomwita daktari kwenye simu alisema, "Baba, niite Tayseer tu."

Mji umerudi mikononi mwa jeshi, na watu wanarudi kidogo kidogo. Juzi walikuja wazee wa kamati ya hospitali, wema, nguo zao zimewapwaya. Wanataka kuandika jina lako juu ya mlango wa chumba cha picha. Nikawauliza, "Ndani yupo nani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Kwa sasa, Ustadhi Abbasher, hayupo mtu."

"Na mashine?"

"Kwa sasa hakuna."

Niliwapa chai. Walikunywa, wakashukuru, wakaniuliza jina lako liandikwe kwa rangi gani.

Unakumbukwa na mumeo Abbasher, binti yako Tayseer, Cairo, mwanao Sirri, ambaye hatujapata habari zake tangu vita vilipoanza Khartoum, dada yako Sit al-Nafar na watoto wake, Muzammil, uliyemlea, na wagonjwa wako wa Gezira, walio hai.

Mola akupe mapumziko tuliyoshindwa kukupa. Maadamu mmoja wetu anapumua, Buthaina, hutasahaulika.