Orodha Iliyomruka Namba Tisa

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba unisikilize, maana nyumbani nimeshindwa kusema. Nimemaliza shule mwaka huu na kazi yangu ya kwanza ni kuingiza wagonjwa kwenye kompyuta ya kliniki ya macho, na nilipotengeneza orodha ya upasuaji niliiacha safu ya namba ikiwa ya maandishi, basi kompyuta ikazipanga namba kama maneno ya kamusi, moja, kumi, mia moja, mia na moja, mbili ikaja nyuma ya kumi na tisa, nami nikachapa bila kutazama. Daktari huja kila baada ya miezi mitatu na hupasua watu arobaini tu, kwa hiyo wa mia na tisa aliingia, na bibi mmoja mwenye namba tisa akakaa kwenye benchi siku mbili, kila nikipita ananiuliza, “Mjukuu wangu, tisa bado?” nami namjibu bado kidogo, hadi daktari akafunga mizigo. Watu walimgeukia kaka anayeita wagonjwa, wakadai anapenyeza jamaa zake, na sasa amesimamishwa kazi, Jumatano ataitwa mbele ya matroni. Niliifungua orodha tena nikaliona kosa langu, nikanyamaza. Kaka huyo ndiye aliyenifundisha hata kuwasha mashine. Nikisema nitafukuzwa, na mama ameshawatangazia majirani wote kwamba nina kazi. Nifanye nini?

Mwenye Aibu

Marahaba, mwanangu. Kuisahau safu ni kosa la mtu anayejifunza, na ningekuonea huruma tupu lau ungeishia hapo. Lakini umemwacha mwenzako abebe mzigo wako, na hilo halikufanywa na kompyuta.

Usingoje Jumatano. Kesho asubuhi igeuze safu iwe ya namba, uipange orodha upya, uichape, kisha uziweke zote mbili, ya zamani na mpya, mezani kwa matroni. Ukishindwa kueleza, sema maneno haya tu: “Kosa ni langu, kaka hana hatia.” Omba waliorukwa wawe wa kwanza daktari akirudi. Huenda ukafukuzwa, sikudanganyi. Mama atapata la kuwaambia majirani.

Halafu nenda kwa bibi mwenyewe, usimtume mtu. Usisimame mlangoni ukiinamisha kichwa, maana hakuoni. Kaa karibu naye, umshike mkono, useme kwa sauti.