Chuma Kisicholia

Jumamosi, 3 Februari

Leo nimekaa ndani ya gari la mbio kwa mara ya kwanza. Halina bodi, ni fremu tu. Mabomba mawili marefu kama ngazi iliyolazwa, injini katikati, kiti mwisho kabisa, nyuma hata ya magurudumu makubwa. Mume wangu Delmar alitaka kupima miguu yangu. Nikaipitisha juu ya ekseli ya magurudumu, mmoja huku, mwingine kule. Katikati ya nyayo zangu ndipo klachi itakapokaa.

Akaniuliza niko sawa. Nikamjibu niko sawa. Uongo mtupu – moyo ulikuwa unakwenda mbio, na injini yenyewe haina hata plagi.

Nitaliendesha mimi kwa sababu mume wangu hapenyi pale. Magoti hayakunjiki, na tumbo ndilo hilo. Nilikubali siku ya Krismasi mbele ya dada zake, nimeshakunywa. Sasa mji mzima wa Oildale unajua kwamba Nadine, dereva wa basi la shule, atapiga mbio mwezi Machi, kwenye siku ya magari ya zamani.

Jumanne, 6 Februari

Delmar karudi kutoka soko la vipuri vikuukuu amekumbatia flaiwili kama mtoto mchanga. Ndiyo ile sahani nzito ya chuma inayofungwa nyuma ya injini, ikazunguka nayo, klachi ikaibana. Hii ni ya mwaka 1949, chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, tena kuna mtu aliwahi kuikereza ikawa nyembamba, ili injini ipande mizunguko haraka. Vijana wa enzi hizo walifanya hivyo, na Delmar anataka kila kitu kiwe kama 1957. Hata nati mpya anazilaza kwenye siki zishike kutu!

Nikamwuliza mbona asinunue mpya, ya chuma cha leo.

"Ya katalogi, bibie? Watu wainame kuangalia, waniinukie wakicheka?"

Nikacheka na mimi. Halafu nikaiangalia ile sahani ilivyo nyembamba pembeni.

Jumapili, 11 Februari

Hoyt wa nyumba ya pili alikuja baada ya kanisa. Nilipika maharage na mkate wa mahindi. Hoyt ndiye rafiki wa Delmar tangu wote wana nywele. Kiatu chake cha kulia kimejazwa sponji mbele, maana nusu ya mguu haipo. Ni mambo ya mbio, zamani. Hasimulii, na wanaume hawamwulizi.

Nimegundua kitu leo. Delmar aliwasha ile injini ndogo ya pampu kumwonyesha kabureta, na Hoyt akahama. Alikuwa ubavuni, akaenda kusimama mbele. Nikamchunguza mchana kutwa. Injini ikiwaka, Hoyt anakaa mbele au nyuma, ubavuni kamwe. Nadhani hata mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo.

Nilipokuwa naosha vyombo nikajiuliza: flaiwili ikivunjika, vipande vinakwenda wapi? Vinakwenda ubavuni. Na nyayo zangu zitakuwa wapi?

Alhamisi, 15 Februari

Leo wameipima. Unaitundika flaiwili kwa kamba, unaigonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia kama kengele, tena kinaendelea kulia. Chenye ufa kinatoa sauti fupi, basi.

Wakaanza na flaiwili kuukuu ya pikapu. Ikalia mpaka nikasikia ikipungua polepole, na mbwa wa Hoyt akainua kichwa. Kisha ya Delmar. Duf. Kama kugonga sufuria yenye uji.

"Umesikia hiyo?" Delmar anamwambia Hoyt. "Kengele ya kanisa!"

Hoyt akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa anamtazama Delmar mdomo.

Nilibaki mlangoni na kikombe cha kahawa. Hawa wawili wamesimama kando ya injini miaka hamsini. Delmar hasikii simu. Vifaa vyake vya masikio vimo kwenye droo na betri zilizokufa, anasema vinamzeesha. Hoyt ndiye usiseme, kiziwi kumzidi. Gereji nzima, mwenye masikio ni mimi peke yangu!

Lakini mimi ni mwoga. Labda woga ndio uliosikia. Sikusema kitu.

Jumamosi, 17 Februari

Nilikuwa naanika nguo, Hoyt akaja upande wake wa ua. Akavuta pumzi, akasifia mashuka. Halafu:

"Shemeji, juzi. Ililia?"

Nikamwambia mbona aliitikia pale pale. Akasema gari la mtu halisemwi vibaya ndani ya gereji yake, ndivyo walivyolelewa wote. Na isitoshe hakusikia chochote, aliona nyundo tu.

"Iliyonila mguu nayo ilikuwa ya kusubu," akasema. "Imekerezwa vizuri sana. Nzuri kuitazama."

Akaniuliza tena. Nikasema sijui.

Sijui! Najua kabisa. Lakini nikisema nimesikia, Delmar ataona natafuta njia ya kutoroka ahadi. Na ataona kweli, maana natafuta.

Jumatatu, 19 Februari

Flaiwili imefungwa. Nilirudi kutoka zamu ya basi nikakuta boliti zote zimekazwa, juu yake kaweka kava la alumini, jembamba kama bati la keki. Lile kava la chuma nene, linalozuia vipande, limo kwenye boksi. Mwaka 1957 hawakuwa nalo. Atalifunga Machi kwa ajili ya wakaguzi, asema, lakini mara ya kwanza kuliwasha gari anataka iwe kama zamani, hapa mtaani, Jumapili watu wakiwa kanisani.

Nakanyaga breki ya basi na kuuangalia mguu wangu. Vidole vitano. Niliupaka rangi kucha Jumamosi, sijui kwa nini.

Jumamosi, 24 Februari

Nimesema.

Alikuwa anakula keki. Nikamwambia flaiwili haikulia, nilisikia, na naogopa, naogopa tangu siku ya kwanza.

Delmar hakukasirika. Heri angekasirika. Aliniangalia kama vile nimemwambia naondoka. Akaniuliza nilikuwa nikisubiri nini siku zote hizo. Nikasema sikutaka kumvunja moyo. Nikamwomba aishushe tuipime tena, aweke vifaa vyake masikioni, asikie mwenyewe.

"Hoyt alisikia," akasema.

Nikamwambia Hoyt alimtazama mdomo. Akakwangua sahani. Halafu akainuka na kwenda gereji, nikasikia msumeno. Nilijua anaishusha. Nilikaa jikoni nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Nilipochungulia, alikuwa anakata fremu. Ameisogeza nyuma mihimili ya kiti. Sasa anapenya.

"Usiogope tena, mama," akaniambia. "Nitakaa mimi. Wewe utanisukuma tu."

Jumapili, 25 Februari

Naandika juu ya usukani wa pikapu. Asubuhi, jua kali, mtaa mtupu. Gari halina starta, magari ya mbio ya zamani hayakuwa nayo. Linasukumwa kwa pikapu mpaka lishike mwendo, dereva aachie klachi, injini iwake. Bampa langu limegusa nyuma yake, kuna ubao uliofungwa mpira katikati.

Namwona Delmar kisogo. Amevaa helmeti nyeupe ya baba yake. Miguu yake sioni, lakini najua ilipo.

Hoyt amekuja. Hakusema neno. Ameenda kusimama mbele kabisa, mwisho wa mtaa, karibu na pampu za mafuta. Ametoka ubavuni kabla injini haijawaka.

Nilidhani nikitoka kwenye kile kiti woga utaisha. Umeongezeka. Ule ulikuwa wa miguu yangu, na kumbe miguu yangu ningeweza kuitoa.

Delmar ameinua mkono. Hiyo ndiyo ishara ya kusukuma.

Nimepiga honi. Hasikii. Nimemwita jina kwa nguvu zote, hageuki.

Ameinua tena. Anadhani pikapu imegoma. Haijagoma. Nimeizima, na funguo ninazo mimi, chini ya paja. Maadamu naandika, gari halisogei. Kwa hiyo naandika. Leo ni Jumapili, tarehe ishirini na tano. Kuna jua. Fremu aliipaka rangi nyekundu na kwa kweli gari limependeza, limependeza sana, sijamwambia. Sasa anafungua mkanda. Anahangaika na magoti. Anajaribu kugeuka aone kwa nini